Msimu wa Kilo Zilizoganda

Jumatatu, 5 Juni 2000

Leo tumefungua ghala. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, na mwenyekiti wetu Zenon akaona hiyo ndiyo saa nzuri ya kuhutubia. Alisema tangu biashara ya mahindi iachiwe huru, wachuuzi wanapanda na malori yao mara tu tunapovuna, wanaondoka na kila punje, na mvua zikikolea sisi haohao tunawafuata mjini kuyanunua yaleyale. Ghala la kikundi ndiyo dawa. Mwanachama analeta magunia, yanapimwa, anapewa stakabadhi ya kilo zake. Mahindi yote yanachanganywa na kupigwa dawa, na wakati wa njaa kila mtu anarudishiwa kilo zilizoandikwa. Zisizoandikwa hazirudi.

Kisha akanitambulisha mimi, Mwalimu Mathias, katibu, "mtaalamu wetu wa kompyuta." Watu wakanishangilia. Utaalamu wenyewe ni kozi ya wiki tatu Mbeya, na wiki moja kati ya hizo nilikuwa naumwa tumbo.

Hata hivyo programu nimeiandika mwenyewe, na inafanya kazi. Mizani ya jukwaa iko nje, chini ya bati. Waya unaingia ofisini hadi kwenye kompyuta, na kwenye kioo kinatokea kibao chenye tarakimu kubwa za kilo. Vitabu vyangu vinakiita dirisha, lakini ofisi ina dirisha la kweli lenye nondo, kwa hiyo hapa Kasense tumekubaliana kukiita kibao ili tusichanganyane. Mke wangu Evodia anasema nimehangaika miezi mitatu kuandika kitu ambacho mshale wa mizani ya zamani ulikuwa unakifanya bila kula umeme.

Alhamisi, 8 Juni

Tatizo la kwanza, tena la nondo. Wanachama wanataka kuona kilo kwa macho yao, kwa hiyo nimegeuza kompyuta itazame nje. Lakini nondo inapita katikati ya tarakimu. Mrefu anasoma nane, mfupi anasoma tatu, na wote wawili wananitazama mimi.

Nimemfundisha Bertilla dawa yake. Bertilla, ambaye kwa heshima tunamwita Mama Clemens, ndiye karani wetu. Anasoma kilo kwa sauti na kuandika stakabadhi. Juu ya kibao kuna ukanda wa bluu wenye jina la programu na langu. Anaubana kwa mausi, kile kipanya cha mezani, anakivuta kibao kulia au kushoto, mpaka mwenye mahindi aseme "Naona." Amejifunza haraka kuliko mimi Mbeya. Hakiachii kibao mpaka mtu amalize kusoma, kama anayemshikia mgeni mlango.

Huyu mama ana adabu ya zamani. Akija mzee wa hapa, anashuka kwenye kiti, anachuchumaa, na kupiga makofi yale ya polepole ya kiganja kilichokunjwa, huku wakiulizana habari za nyumba nzima mpaka za mbuzi. Binti yangu Salome ananiamkia hivyo akitaka viatu tu.

Jumatano, 14 Juni

Upepo. Vumbi hadi ndani ya kompyuta. Magunia mengi, maneno machache.

Jumanne, 20 Juni

Leo wamefika watu wa bondeni. Mzee Ngeleja amepanda ule mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa na trekta la kukodi kutoka Milepa, trela limejaa. Ni Msukuma, alihamia huko na ng'ombe wake miaka kadhaa iliyopita, na siku hizi analima kuliko sisi wenye nchi, jambo ambalo baadhi yetu tunaliona kama utovu wa adabu.

Alisimama dirishani na kofia yake ya sufu. "Mwangaluka," akaamkia kwa Kisukuma. Bertilla akajibu, "Karibu. Unaona hapa?" na kuanza kumsogezea kibao. Makuli walikuwa wakipandisha magunia yake matano.

"Mia nne na nne," Bertilla akasoma, akaandika.

Ngeleja akakuna kidevu. "Gunia tano, mwalimu, kila moja debe sita, kilo mia. Haya ni mahindi, hayakujazwa pamba."

"Mzee, mashine haina shangazi wala mjomba," nikamwambia. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo tangu siku ya ufunguzi nikingoja pa kuyatumia.

"Mimi sikuuliza ukoo wake," akasema. "Niliuliza uzito."

Makuli walikuwa wameshayashusha. Akaichukua stakabadhi, akaikunja, akaondoka. Nikamwambia Bertilla: huyu ni mgomvi. Bertilla akaita anayefuata.

Jumanne, 27 Juni

Tena. Jamaa wawili wa Ngeleja, na wote wamelalamika. Mmoja tukampimia upya mbele ya umati, kilo zikaja kamili, mia tano na tatu, si zile mia nne za mwanzo. Wenzake wakapiga miluzi. Kosa ni nini? Sijui. Nimefungua programu na kuisoma mstari kwa mstari hadi macho yakatoa machozi. Haina kosa. Evodia akanikumbusha kwamba hata barua yangu ya posa haikuwa na kosa, mpaka baba yake alipoisoma.

Jumatatu, 3 Julai

Nimepima jiwe, ndoo ya maji na baiskeli yangu. Kila kitu sawa. Nimenuna mchana kutwa.

Alhamisi, 6 Julai

Ngeleja ameingia ofisini leo. Hajawahi kupita mlangoni, siku zote husimama dirishani. Akakaa kwenye kiti bila kuambiwa, akaweka fimbo yake sakafuni.

"Mwalimu, nimewauliza watu wangu mmoja mmoja. Kati ya saba, sita wamepungukiwa. Nikawauliza Wafipa wanaotoka Kasense hapahapa. Hakuna aliyepungukiwa hata kibaba. Sasa wewe ni mwalimu wa hesabu, nifundishe."

"Jiografia," nikasema.

"Basi nionyeshe kwenye ramani kilo zangu zimekwenda wapi."

Nilicheka, naye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Akasema, "Kompyuta haijui Msukuma ni nani. Mtu anayeisoma anajua." Hakumtazama Bertilla. Bertilla naye alikuwa anapanga stakabadhi zilizokwisha kupangwa.

Alipotoka, Mama Clemens akaniuliza, "Ananiita mwizi?"

"Hajasema hivyo."

"Mwalimu, mimi nilikuwa nikipima ulezi na mtama wa chama cha ushirika wewe ukiwa bado unafukuzwa shuleni kwa kuchelewa. Hakijapotea hata kikombe. Ananiita mwizi?"

Nikasema nitalichunguza. Ni maneno ya mtu asiyejua aanzie wapi.

Jumanne, 11 Julai

Upepo haujatulia wiki nzima. Bati linapiga kelele juu ya mizani, na mimi najikuta nasimama na kukaa, nasimama na kukaa, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Zenon ameamua. Ngeleja na wenzake wametoa tangazo: karani asipoondolewa, wanajitoa na mahindi yao yote. Bila mahindi ya bondeni ghala litabaki nusu. Kwa hiyo kutakuwa na mkutano Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, Bertilla ataachishwa kazi mbele ya wanachama, na suala lake litapelekwa polisi.

"Una ushahidi gani, mwenyekiti?" nikamuuliza.

"Mashine yako ni nzima?"

"Nzima."

"Basi mbovu ni mtu. Au nakosea hesabu?"

Na hapo ndipo nilipobanwa. Kila nilipoisifu programu yangu nilikuwa namsukuma yule mama kuelekea mahabusu. Kibaya zaidi ni kwamba jioni, akifunga ofisi, nilijikuta naitazama sweta yake. Ni mpya. Nikajiuliza kaipata wapi. Mtu niliyesali naye benchi moja miaka yote hii, nami namkagua sweta! Nimerudi nyumbani sijisikii kula.

Jumapili, 16 Julai

Lazima niandike polepole, nisiruke kitu.

Baada ya misa nilimwomba Evodia twende ghalani anisaidie kujaribu mizani. Alikubali kwa sharti kwamba nisimtajie mtu yeyote uzito wake. Akapanda kwenye jukwaa na kitenge chake cha kanisani, mimi nikakaa kwenye kiti cha Bertilla. Kibao kikaonyesha sabini na nane.

"Unaona?" nikapaza sauti.

"Naona nondo," akasema.

Nikaubana ule ukanda wa bluu, nikakivuta kibao kidogo. "Na sasa?"

"Sasa naona. Sabini na nane? Baba Salome, hiyo mashine ni mwongo kama mwenyewe!"

Nikamwambia mashine haidanganyi, labda ni ule ugali wa ulezi wa jana. Nilikuwa natania. Yeye hakutania. Alishuka jukwaani, akazunguka ukuta, akaingia ofisini kuniambia ana kwa ana anachofikiri juu ya programu yangu, kozi yangu na mama yangu. Nami nimekaa pale, kidole bado kimeubana ukanda, namsubiri amalize.

Alipofika kwa mama yangu akakatisha. Akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Mimi niko hapa," akasema. "Kule juu kuna nani?"

Kibao kilikuwa kinasema sabini na nane. Jukwaa lilikuwa tupu, upepo tu unapita. Nikaachia mausi. Sufuri.

Tukarudia. Akapanda, nikabana ukanda, akashuka: sabini na nane. Nikaachia: sufuri. Nikabana kukiwa na sufuri, akapanda, akaruka-ruka pale juu na kitenge chake: sufuri, sufuri, sufuri. "Hii ndiyo naipenda," akasema.

Nimeielewa sasa. Programu yangu ni kama mtu mmoja anayezunguka bila kupumzika: anakwenda kwenye mizani, anasoma kilo, anaziandika kwenye kibao, anageuka kusikiliza kama kuna anayemwita, kisha anarudi kwenye mizani. Ukiushika ule ukanda wa juu ni kama umemshika mkono wakati amegeuka kukusikiliza. Anasimama. Anakungoja umalize shida yako. Mizani inaita nyuma yake, yeye hasikii. Kilo za mwisho alizoziandika zinabaki pale, zimeganda, na sisi tunazisoma kama Injili.

Na Bertilla haachii kibao mpaka mtu amalize kusoma. Mimi nilimfundisha akishike. Makuli bado wanapandisha gunia la tano, yeye ameshakishika kwenye la nne.

Evodia akanikumbatia. Nilikuwa nacheka kama mwehu. Mama Clemens si mwizi!

Tulipofika nyumbani ndipo akaniuliza, akichambua mboga, "Lakini mbona sisi hatupungukiwi?"

Jumatatu, 17 Julai

Sikumwambia mtu. Nimekaa kwenye kona ya ofisi nikijifanya nasoma, namtazama Bertilla mikono.

Akaja mzee Baltazari kutoka hapa Kasense. Bertilla akamsogezea kibao. Mzee akasema, "Naona, mwanangu," akaanza kumsalimia. Mausi ikaachwa. Mama akashuka kitini, akachuchumaa, viganja viwili vikakutana: po, po, po. Hujambo, watoto, shamba, yule mgonjwa. Huko nje makuli wakamaliza kupandisha magunia matano kwa raha zao. Aliporudi kitini kilo zilikuwa zimekamilika. Mia nne na tisini na tisa. Akaandika.

Akaja kijana wa bondeni. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Unaona hapa?" Kidole kwenye mausi, mausi kwenye ukanda. Hakuna kiti kilichosogea. Magunia matano kama ya mzee: mia nne na sita.

Kumpigia mtu makofi kunataka mikono miwili. Ndiyo hivyo tu. Anayesalimiwa kwa mikono miwili anapata kilo zake zote, na anayesalimiwa kwa mdomo anapunjwa.

Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho mimi mwenyewe nilipomwamkia Ngeleja, tena ni mkubwa wangu. Nilimwambia mashine haina shangazi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu.

Jumatano, 19 Julai

Nimeuondoa ukanda wa bluu. Kibao sasa hakina pa kushikwa, na nondo moja imekatwa na fundi kwa msumeno. Kazi ya asubuhi moja. Ningeifanya tangu mwanzo, lakini ule ukanda ulikuwa na jina langu.

Nimemweleza Zenon. Akafurahi sana. "Basi tuseme mashine iliharibika, imetengenezwa, yamekwisha!"

"Ngeleja atauliza kwa nini ni zao tu."

"Mwambie ni bahati mbaya."

"Sita kati ya saba?"

Akavua kofia, akaivaa tena. "Ukisema hilo la makofi, mwalimu, utamwokoa na polisi na kumuua kanisani."

Sijalala vizuri. Nikisema nusu, Ngeleja hataamini, na Bertilla atabaki mwizi. Nikisema yote, sijui atabaki nani.

Ijumaa, 21 Julai

Nilikwenda kwa Bertilla kumweleza kabla ya mkutano. Nilieleza kuganda kwa kibao vizuri kabisa, hata nikatumia sufuria na mwiko. Akashusha pumzi, akasema "Mungu mkubwa," akaniwekea chai. Lile la mikono lilifika kooni, nikalimeza pamoja na chai. Mwoga ni mwoga hata akiwa na sufuria.

Jumamosi, 22 Julai

Mkutano ulikuwa nje ya ghala, upande usio na upepo, ingawa leo upepo ulitufuata. Wanachama wa Kasense walikaa kulia, watu wa bondeni kushoto. Hakuna aliyewapanga.

Nilisema mimi ndiye mwenye kosa. Niliwaonyesha kwenye nakala ya zamani ya programu, niliyoiacha na ukanda wake: Evodia akapanda, nikabana, akashuka. Watu walicheka na kushika vichwa. Nikawaeleza habari za yule mtu anayezunguka na kushikwa mkono. Nikakaa, nikidhani nimepona.

Ngeleja akasimama. "Nimeelewa. Mashine ikishikwa inaganda. Sasa mwalimu, hiyo mashine ilikuwa inajuaje kuganda kwangu na kutoganda kwa Baltazari?"

Zenon akanitazama, macho yake yakisema: bahati mbaya, sema bahati mbaya. Nikamtazama Bertilla. Alikuwa anangoja jibu na yeye. Hakujua, naapa, kwa mara ya kwanza niliona kabisa kwamba hakujua.

Nikasema. Nilisema kwamba wazee wa hapa wanapigiwa makofi, na makofi yanataka mikono miwili, na mikono miwili haishiki mausi. Nikasema wa bondeni hatuwapigii. Nilisema "hatuwapigii", lakini kila mtu alitazama mahali pamoja.

Bertilla akasimama. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwalimu, jana umekunywa chai yangu. Ungeniacha mwizi. Mwizi hufungwa akatoka."

Mimi nilitazama viatu vyangu na kuona vimefunguka kamba.

Ngeleja akasimama tena. Nilitegemea hasira. "Mama," akasema, "hilo la makofi nililijua tangu mwaka niliohamia. Ningelalamikia makofi, ningekuwa bado niko kwenye barua ya kwanza. Mimi nilikuja kuuliza kilo."

Kwa watu wa bondeni kikapita kicheko cha chini, kisha kikavuka upande wetu, kikafika kikiwa kimechoka.

Wakakubaliana: kila gunia la bondeni lililopimwa kabla ya leo lihesabiwe sawa na yale yaliyopimwa vizuri, na stakabadhi ziandikwe upya. Mahindi yenyewe yamo ghalani, hayakwenda popote. Ngeleja akasema hawajitoi. Zenon akauliza kama karani aendelee. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Ngeleja. Bertilla hakuuona, alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu, 24 Julai

Sikutegemea kumkuta, lakini alikuwa amefungua ofisi kabla yangu. Shikamoo yangu imeitikiwa, basi. Sweta ileile. Kumbe kaifuma mwenyewe, nimeona mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine.

Saa nne akaja Ngeleja na trela la mwisho. Nilisogea kwenye kona yangu. Kibao kimesimama katikati, hakuna nondo, hakuna cha kusogeza. Bertilla alikuwa na mikono miwili mezani, haina kazi.

"Mwangaluka," Ngeleja akasema.

"Karibu, mzee," Bertilla akasema. Hakushuka kitini. Makuli wakapandisha magunia, wakamaliza, wakasogea pembeni. "Mia tano na sita."

"Naona."

Akaandika. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nikiri, kwa niaba ya Ngeleja. Alipokwenda kuongea na makuli nikanong'ona, "Mama Clemens, hata leo?"

Akanigeukia. "Nikimpigia leo, atajua nimetumwa na mkutano. Atakuwa anapigiwa makofi na Zenon." Akapuliza vumbi kwenye meza. "Wewe kaa na kompyuta yako. Haya ya watu niachie."

Ngeleja akarudi kuchukua stakabadhi. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Simlaumu. Kisha akainama hadi uso wake ukaingia kwenye nafasi ya ile nondo iliyokatwa.

"Kesho namleta mama yangu," akamwambia Bertilla. "Ana magunia mawili tu, na macho hayaoni tarakimu. Lakini anapenda sana kusalimiwa."

Bertilla akainama chini ya meza kutafuta kalamu. Alikuwa ameishika mkononi.